Idara sita zinatumiana Shapefile kwa imeli, PostGIS itatusaidia?

Swali: Ofisini tuna idara sita, kila moja ina Shapefile (mafaili ya data za ramani) zake za barabara, mabomba, viwanja n.k., tunatumiana kwa imeli mpaka hatujui tena ipi ndio ya mwisho. Tukihamishia zote PostGIS tatizo litakwisha? Na watu hawataharibiana kazi?

Jibu: Litapungua sana ila halitaisha lenyewe. Shapefile ni ya miaka ya 90, jina la kolamu mwisho herufi 10, faili ikifika GB 2 ndio imegota, halafu hiyo "faili" ni mafaili matatu au zaidi, ukiletewa .shp bila .dbf umepata maumbo bila maelezo. PostGIS ni nyongeza ya bure ya data za ramani juu ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata), leya (tabaka moja la ramani, mfano barabara) inakuwa jedwali moja kwenye seva na wote mnafungua hilohilo kwa QGIS (programu ya kuangalia na kuhariri ramani), kwahiyo habari za barabara_mpya_final2 zinakufa.

Sasa kabla hujapakia chochote kaeni mkubaliane leya ni ya nani. Hapa ndio kwenye kazi, teknolojia ni rahisi. Kila idara ipe skima yake (sehemu yake ndani ya hifadhidata), yenyewe tu ndio iandike, wengine wapewe SELECT (ruhusa ya kusoma tu) basi, watu wa maji wakiona barabara imekosewa wawaambie wenye barabara wasirekebishe kimyakimya. Na haki zitoe kwa makundi sio kwa mtu mmojammoja. Nilishakuta ofisi wote wanaingia na paswedi moja ya msimamizi, siku jedwali limefutwa kila mtu anasema sio mimi, na kweli huwezi kujua.

Kitu cha pili ni SRID, yaani namba inayosema data iko kwenye mfumo gani wa koodineti, aisee hii inatesa watu. Data moja iko kwenye UTM (koodineti za mita), nyingine 4326 ya GPS (latitudo na longitudo kwa digrii), mtu anaona haviendani anatumia ST_SetSRID akidhani amebadilisha, kumbe hiyo inabadilisha lebo tu, namba zinabaki zilezile! Kuhesabu upya koodineti ni ST_Transform. Na ukiona pointi zako zote zimeangukia sehemu ya ajabu angalia kama latitudo na longitudo hazijapishana, PostGIS inataka longitudo kwanza.

Kuhusu kuharibiana kazi: inawezekana bado. QGIS inashikilia mabadiliko mpaka ubonyeze kuhifadhi, hivyo wawili wakihariri umbo la kiwanja kilekile, anayehifadhi mwisho ndio wake unabaki na wa kwanza hapewi taarifa yoyote. Weka triga (amri inayojiendesha yenyewe data inapobadilishwa) inayonakili safu ya zamani kwenye jedwali la historia, pamoja na jina na saa, itakuokoa. Indeksi ya GiST (inayoharakisha kutafuta maumbo) usisahau, bila hiyo leya kubwa zitafunguka kwa kujikokota.

Ofisi za mbali zenye intaneti dhaifu usizilazimishe kuhariri moja kwa moja, wape nakala ya GeoPackage (faili moja la ramani lisilohitaji seva) kila wiki ya kusoma tu.

Anza na leya moja, ile mnayogombania zaidi. Yale mafaili ya zamani usiyafute lakini yafungie yasomeke tu siku hiyohiyo unayohama, ukiyaacha wazi kuna mtu ataendelea kuhariri hukohuko na mwezi ujao mtakuwa na matoleo mawili tena.