Rejeo Usilolifungua Usiliandike

Dada mmoja wa Langoni, Lamu, anayeandika tasnifu juu ya magofu ya Gedi na Shanga, ameleta swali. Msimamizi amemrudishia sura ya pili, pembeni kaandika: "Makala hii haipo." Rejeo alipewa na ChatGPT. Je, aachane na akili mnemba kabisa?

La. Ila ajue inavyodanganya. Programu hizi hubashiri maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeo huundwa vivyo hivyo. James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948. Mark Horton alichimba Shanga miaka ya 1980. Majina yao yametajwa mara nyingi karibu na jarida la akiolojia la Azania, basi mashine huchukua mtu wa kweli na jarida la kweli, ikavibandika kichwa cha makala ambacho hakuna aliyewahi kukiandika. Wewe unatafuta jina la mwandishi, unalikuta, unaridhika. Umekwisha.

Tafuta kichwa kizima cha makala ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Kisha ibandike DOI (namba ya utambulisho ya makala mtandaoni) baada ya doi.org/ uone inafungua nini, maana namba huweza kuwa halali lakini ya makala nyingine kabisa. (Makala ya zamani kukosa DOI si ushahidi wa uongo.) Azania ina kipimo chepesi: juzuu la 1 ni la 1966 na hesabu hupanda moja kila mwaka, kwa hiyo juzuu la 9 haliwezi kuwa la 1981. Mwisho fungua ukurasa wenyewe usome, kwani makala inaweza kuwapo na isiseme ulichodai. Rejeo lililokosekana lifute pamoja na sentensi iliyolitegemea. Kutafuta jingine la kuziba pengo ni kudanganya mara ya pili. Na kagua yote, si lile moja lililokamatwa.

Mahojiano ya wazee ndiyo watu wanayachezea zaidi. Kabla ya kuyabandika kwenye programu yoyote, ondoa jina, mtaa na namba ya simu, weka alama kama M1, M2 badala yake, na orodha ya majina ibaki kwenye daftari lako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kama fomu ya ridhaa haikumwambia mzee kwamba maneno yake yatapelekwa kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo, hakuridhia hilo. Tena usiiambie mashine "isafishe" Kiamu, lahaja ya Lamu. Itageuza mato kuwa macho na ndia kuwa njia, na mzee aliyemwambia mwenzake "ndoo", yaani njoo, anaweza kuishia na chombo cha kutekea maji. Huo si uhariri, ni kuharibu ushahidi.

Mashine itumie baada ya kuandika, aya moja moja, kwa agizo kama hili: "Onyesha sentensi zisizoeleweka na useme kwa nini, usiandike upya." Ukiipa sura nzima iandike upya, "huenda" yako itageuka "bila shaka", na namba za kurasa zitapotea njiani.

Tamko la matumizi litaje programu na toleo lake, mwezi, sura na kazi iliyofanya. "Nilitumia AI kuboresha lugha" halimwambii mtahini kitu. Wala usiiweke kama mwandishi mwenza: tangu Januari 2023 jarida la Nature limekataa, kwa kuwa programu haiwezi kuwajibika kwa kazi.

Programu za kubaini maandishi ya mashine nazo hukosea. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa usahihi mdogo. Usitoe hata shilingi kwa wanaouza programu za "kuficha" maandishi. Hubadilisha istilahi kwa visawe vya ajabu na kazi ikazidi kutia shaka. Andika kwenye Google Docs, ambayo huhifadhi historia ya mabadiliko, na rasimu za karatasi usizitupe mpaka utetezi upite.