Kliniki za mama na mtoto Uingereza kabla ya 1948

Umeuliza kama kabla ya NHS (huduma ya afya ya taifa, iliyoanza 1948) mama maskini wa Uingereza alikuwa hana pa kwenda. Alikuwa napo, ila ilitegemea anaishi wapi.

Sheria ya 1918 ya uzazi na ustawi wa watoto iliziruhusu halmashauri kufungua kliniki, kuajiri wauguzi wa kutembelea majumbani na kutoa maziwa kwa bei nafuu au bure. Tazama neno "iliziruhusu": haikuzilazimisha, kwa hiyo mji mmoja ulijitahidi na wa jirani ukajivutavuta.

Mtoto akizaliwa, taarifa ilitakiwa ifike kwa daktari wa afya wa halmashauri ndani ya saa 36, kisha muuguzi anabisha hodi. Kliniki ndiyo ile ile unayoijua: mizani, foleni ya kina mama, kadi ya uzito, kopo la maziwa ya unga. Lakini mtoto akiwa mgonjwa, kwa kawaida hatibiwi pale. Anaelekezwa kwa daktari wa kulipwa, maana madaktari binafsi hawakutaka kunyang'anywa wateja. Na bima ya afya ya serikali ya 1911 ilimtibu mfanyakazi, si mke wala watoto wake. Hapo ndipo wengi walipokwama.

Vifo vya watoto wachanga vilishuka sana. Vya kina mama kutokana na uzazi havikushuka hadi katikati ya miaka ya 1930, zilipoingia dawa za salfa, za kutibu maambukizi ya bakteria. Sheria ya wakunga ya 1936 ndiyo iliyozibana halmashauri zihakikishe kuna wakunga wa mshahara.