Ukifika nyumbani kwa watu, mikono yako ikae mapajani

Juzi kuna msomaji ameniandikia. Kitongoji chake kimemchagua kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mafunzo kamaliza, begi kapewa, ila akifika mlangoni kwa watu anasahau yote. Anauliza aanzie wapi. Wenye swali hilo ni wengi siku hizi, kwa sababu mpango wa taifa uliozinduliwa Tanzania Januari 2024 unataka wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa.

Mdogo wangu, anza kwa kuiweka mikono yako mapajani. Ukimbeba mtoto wewe, ukamchezesha wewe, ukamkorogea uji wewe, utaalamu wote utaondoka na begi lako. Atakachokifanya mama mbele yako ndicho kitakachobaki ukishavuka ua. Hayo mengine yote nitakayokuandikia yametoka hapo.

Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, hata kama anakujua tangu utotoni. Chagua saa ya watu: msimu wa palizi usiende asubuhi, nenda saa 10 jioni. Begini weka tepe mbili za kupimia mkono (moja hupotea, sijui kwa nini lakini hupotea), saa yenye mshale wa sekunde, fomu za rufaa, kalamu mbili, na kopo moja safi lenye kifuniko. Kazi ya kopo utaiona.

Ukikaribishwa, kama nyumbani yupo bibi, shikamoo ya kwanza ni yake, na mazungumzo ya kwanza ni yake pia. Maji kidogo kwa kichanga, uji wa miezi mitatu, mtoto kukatwa kimeo au kung'olewa "meno ya plastiki", mara nyingi hayo huamuliwa na bibi, mama hutekeleza tu. Ukimruka bibi, utamshauri mama vizuri kabisa na kesho yake atafanya vilevile kama jana. Muulize yeye aliwalea vipi wake. Katika majibu yake hakosi kuwa na jambo jema moja, nyimbo kwa mfano, au kumkanda mtoto. Lisifu hilo, kisha ujenge juu yake.

Daftari libaki begini dakika 10 za mwanzo. Tazama: mtoto akilia, nani anamwitikia? Anaitwa kwa jina au "we mtoto"? Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kina maji, au kimekauka na kamba imeliwa na panya? Kibuyu kikavu kilifungwa kwa ajili ya wageni wa wilayani. Usiseme kitu, lakini ujue.

Halafu uliza. Usiulize "unacheza na mtoto?" Kila mama duniani atajibu ndiyo. Uliza "unachezaje naye?" Uliza "unafahamuje kwamba ana njaa?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa neno moja, na humo ndimo utakapopata pa kushika.

Sasa kopo. Mpe mama, usimpe mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 9, mwombe aligonge kwa kijiko, amwachie mtoto naye agonge, amsubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi hukosea: mama hugonga mara nane mfululizo, mtoto anabaki mtazamaji. Mwambie agonge mara moja, anyamaze, ahesabu tano kimoyomoyo. Wa miezi 9 hadi 12 afichiwe kijiko chini ya kanga akitafute. Wa mwaka na zaidi atie vitu ndani ya kopo na kuvitoa, mama akivitaja majina. Wa chini ya miezi 6 hahitaji kopo, anataka uso wa mama karibu, sentimita 20 hadi 30, na mama aiitikie kila sauti anayoitoa. Vifuniko vya soda, harage na punje za mahindi zisiachwe wazi kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Ukitengeneza kayamba ya chupa, kifuniko kikazwe na kufungwa, tena kikaguliwe kila ziara.

Usione haya kwa kuwa vitu vyenyewe ni makopo. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987 walichukuliwa watoto 129 waliodumaa. Kundi moja lilitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa jamii kama wewe, wenye midoli ya kutengeneza nyumbani, wakiwafundisha mama kucheza na watoto wao. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa.

Kwenye chakula, usiulize "anakula nini", omba uoneshwe sufuria na bakuli. Uji ukimiminika kwenye kijiko kama chai, ni maji ya moto tu. Unatakiwa ukae juu ya kijiko. Mtoto wa miezi 6 huanza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku, akiongezwa taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250 kufikia miezi 8. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe, milo 3 au 4. Kuanzia mwaka mmoja ni robo tatu hadi kikombe kizima. Awe na bakuli lake peke yake. Akila sinia moja na kaka zake, hakuna anayejua alichopata.

Na hapa nitasema kwa ukali kidogo: huo "unga wa lishe" wenye mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na dagaa, vyote vikasagwa pamoja, acha kuusifia. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva, na karanga zilizokaa mwezi mzima ndani ya unga huchacha na kuota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nafaka isagwe peke yake, karanga zichaguliwe, zikaangwe, zipondwe kidogokidogo na kutiwa wakati wa kupika.

Kupima mkono nako mwachie mama. Mkono wa kushoto, nguo imevuliwa, si kukunjwa, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Utepe uguse ngozi bila kuibana. Ukiacha bonde kwenye nyama, umekaza, na utampeleka kwenye njano mtoto wa kijani. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri, kuanzia 12.5 ni kijani. Kisha bonyeza nyayo zote mbili kwa juu kwa sekunde 3. Shimo likibaki kote kuwili, ni rufaa leo, hata kama utepe unasema kijani. Uvimbe hudanganya utepe.

Mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida mhesabie pumzi dakika nzima, ametulia, halii wala hanyonyi. Nusu dakika mara mbili haifai, watoto hupumua ovyoovyo. Pumzi ni za haraka kupita kiasi zikifika 60 na zaidi kwa walio chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, 40 kwa mwaka 1 hadi 5. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au aliyezimia, funga ziara hapohapo, twendeni zahanati.

Fomu ya rufaa peke yake haimfikishi mtoto. Uliza nauli ipo? Nani atabaki na wengine? Baba yuko wapi na anapatikana kwa simu? Piga akiwa bado mama anakusikia. Kesho yake rudi.

Msimamizi atakuuliza umetembelea nyumba ngapi. Hatakuuliza mama alifanya nini, hilo halina safu kwenye fomu, na posho nayo ina tabia zake. Hata hivyo usikimbize kumi kwa siku. Nne, zenye dakika 45 kila moja, zinatosha. Wa kwanza kwenye orodha ni kichanga: ndani ya saa 24, siku ya 3, siku ya 7. Wafuate wa njano na wekundu, halafu nyumba ile ya mwisho wa kitongoji ambayo hakuna anayefika kwa sababu ya mbwa. Kwa mwenyekiti, ambako kuna soda, nenda Ijumaa.

Kabla hujanyanyuka, mwombe mama akuoneshe tena kile kimoja mlichokubaliana, kimoja tu, na kopo umwachie.