Nisikilizeje podikasti ya makumbusho bila kumaliza bando?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Nimesikia kwamba British Museum ya London ina podikasti inayozungumzia vigae vilivyookotwa Kilwa. Nimeitafuta kwa jina la makumbusho hayo katika simu yangu ya Android, nisiione. Ipo wapi, kujiandikisha kunalipiwa, na nifanyeje ili isinimalizie bando?

JIBU: Mwalimu, hukukiona kipindi hicho kwa sababu hakimo katika podikasti ya makumbusho yenyewe. Kimo katika mfululizo wa vipindi 100 uitwao A History of the World in 100 Objects, uliorushwa na redio ya BBC mwaka 2010 kwa ushirikiano na British Museum, na msimulizi wake ni Neil MacGregor, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo wakati huo. Tafuta kwa jina la mfululizo, kisha ushuke hadi kipindi cha 60. Humo utasikia habari za vipande vya vyungu vya wenyeji vilivyookotwa pwani ya Kilwa Kisiwani pamoja na vya kaure ya China na vyombo vya Mashariki ya Kati, na jinsi vipande hivyo, ambavyo mtu angeweza kuvikanyaga akapita, vinavyothibitisha biashara ya Bahari ya Hindi. Ukiwa huko, usiviache kipindi cha 2 na cha 3, kwani vyote viwili vinahusu zana za mawe za Olduvai, mojawapo ikiwa na umri wa karibu miaka milioni 2.

Kwa simu ya Android, napendelea AntennaPod, programu ya bure isiyokudai namba ya simu wala barua pepe. Ina sehemu ya kutafutia podikasti kwa jina, na jina lisipoleta kitu, unaweza kubandika anwani ya RSS ya podikasti unayoitaka, yaani kiungo ambacho programu hukitumia kupokea vipindi vyake, jambo ambalo programu ya Spotify haimruhusu msikilizaji kulifanya.

Kujiandikisha hakulipiwi. Ni kuiagiza simu tu iwe inaangalia kama kuna kipindi kipya, ikuletee. Kwa hiyo kujiandikisha katika mfululizo uliokwisha tangu 2010 hakukuongezei kitu zaidi ya kuuweka karibu. Faida yake utaiona kwa podikasti ambazo bado zinatolewa.

Kinachogharimu ni bando. Sauti ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 1 kwa dakika, na kwa kuwa vipindi hivi ni vya kama robo saa, kimoja kitakuchukulia MB 15 hivi. Ingia kwenye mipangilio, hakikisha upakuaji wa moja kwa moja umezimwa, au uruhusu kupakua pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi. Upakuaji huo ukiwa umewashwa bila mpaka, siku utakayojiandikisha katika podikasti tano, unaweza kuamka bando limekwisha na hukusikiliza hata moja. Pakua vipindi vitatu nilivyovitaja, nawe utaweza kuvisikiliza darasani bila intaneti, ukiunganisha simu na spika.

Masimulizi ni ya Kiingereza, tena cha kasi kidogo kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza. AntennaPod inaweza kupunguza mwendo wa sauti, nawe usimamishe kila baada ya dakika chache ueleze kwa maneno yako.