Mtoto ana aleji ya maziwa ya ng'ombe na wewe unanyonyesha? Usimwachishe ziwa kwanza

Hapa Tanga ukimwambia mtu mwanangu maziwa hagusi anakuangalia mara mbili. Mji wenyewe una kiwanda cha maziwa, asubuhi mapema madumu yanapita kwenye pikipiki, na mwanamke akishajifungua tu anaanza kufululiziwa chai ya maziwa ya kukolea ili ziwa lishuke. Kwa hiyo mtoto akianza vituko hakuna anayewaza maziwa. Watawaza chango, watawaza jicho, watakwambia meno, meno gani mtoto hata shingo haijakaza!

Wangu wa pili alikuwa na mashavu mekundu yanatoa majimaji, akinyonya kidogo anajikunja analia, anacheua mno, alafu siku moja nafungua pampasi nakuta choo cha makamasi na vijiuzi vyembamba vya damu. Hapo ndo kliniki wakaanza kuniuliza mimi nakula nini.

Ukweli ambao wengi hatuambiwi ni kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe unayokunywa wewe inapita kidogo kwenye maziwa yako na mtoto mwenye aleji inamsumbua. Yaani maziwa yako hayana shida, shida ni kikombe chako cha chai. Sasa mtu anasikia "aleji ya maziwa" anamwachisha mtoto ziwa anampa maziwa ya kopo, na kopo la kawaida limetengenezwa kwa maziwa hayohayo ya ng'ombe, ndo umemmwagia kabisa.

Aleji yenyewe iko ya aina mbili na ni muhimu uzijue. Kuna ya haraka, mtoto akipata maziwa ndani ya dakika chache mpaka kama masaa mawili anatoka vipele vya kuvimba, midomo au macho yanavimba, anatapika. Na kuna ya taratibu kama ya wangu, inakuja baada ya masaa au hata siku mbili tatu, hii ndo ya damu kwenye choo, kuharisha, pumu ya ngozi, na ndo inayochanganya watu maana ulichokula juzi hukikumbuki. Hii ya haraka usicheze nayo. Ukiona mtoto anapumua kwa shida, sauti inakauka, analegea au anabadilika rangi, usimpe maziwa ya kukata sumu wala nini, kamata bajaji uende hospitali saa hiyohiyo, kule kuna sindano ya adrenalini inapigwa pajani na hiyo ndo inayookoa.

Jingine ni la laktosi. Duka moja la dawa waliniuzia kopo ghali lisilo na laktosi wakasema ndo la aleji. Laktosi ni sukari ya maziwa, aleji inatokana na protini, na kopo lile protini yote imo. Maziwa ya mbuzi nayo ambayo kila mtu mtaani atakushauri, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe kiasi kwamba watoto wengi wenye aleji hii yanawadhuru vilevile. Kuchemsha nako hakusaidii.

Utajuaje sasa kama ni maziwa kweli? Kwa ile ya taratibu hakuna kipimo cha damu cha kukuhakikishia, kipimo ni wewe kuacha maziwa na vyote vyenye maziwa wiki mbili mpaka nne, uangalie mtoto, alafu urudishe uone kama dalili zinarudi. Hiyo ya kurudisha ndo watu wanairuka na mimi naona ndo ya maana kuliko zote, kwa sababu watoto wengi wanalia miezi ya mwanzo alafu wanatulia wenyewe, we unabaki umejinyima mwaka mzima bure. Siku hizi kila mtoto anayelia ana aleji, jamani, wenye nayo kweli ni kama wawili watatu kwa kila mia. Ila mtoto mwenye ile ya haraka usimjaribishie nyumbani, hilo ni la daktari.

Kuacha maziwa kwa mtu wa pwani wala sio mateso, tui la nazi limetubeba. Kisamvu cha nazi, wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, vyote unakula. Pa kuangalia ni pale maziwa yanapojificha: pilau na chapati za samli, biriani ina mtindi, halua ina samli, kaimati za watu wengine zina maziwa, mikate na biskuti za dukani, na siagi za mkebe (majarini) nyingine zina maziwa. Mi nilikuwa nasimama dukani nageuza pakiti ya biskuti natafuta maandishi madogo ya unga wa maziwa, "whey" au "casein" (hizo ndo protini za maziwa), muuzaji ananiuliza dada unanunua au unasoma gazeti. Maandazi muulize anayepika. Na wewe mwenyewe usisahau kalsiamu, mama anayenyonyesha anahitaji kama miligramu 1000 kwa siku, kwa hiyo kula uono na dagaa na miba yake, ufuta, maharage, na kliniki waombe ushauri wa vidonge.

Kama hunyonyeshi, kuna maziwa maalumu ambayo protini yake imekatwakatwa sana, bei yake imesimama na sio kila duka wanayo, muulize daktari kabla hujatoa hela. Ya soya sio kwa mtoto chini ya miezi 6. Na tui ni la kupikia, lisiwe ndo maziwa yake ya kunywa.

Kazi kubwa kuliko chakula ni watu. Mama mkwe wangu alikuwa anasema "mwanangu, sisi wote tumewalea kwa maziwa na hakuna aliyekufa", na ukigeuka kidogo mtoto kalambishwa mtindi. Nikaona kubishana na mtu mzima ni kukosa adabu tu, nikamwomba twende wote kliniki, akaelezwa na daktari mwenyewe. Toka siku hiyo yeye ndo askari, mgeni akimsogelea mtoto na biskuti anaulizwa ina nini.

Wengi wanapona wakifika miaka 3 mpaka 5. Daktari akiruhusu mnaanza na maziwa yaliyookwa kwenye unga, maana moto wa oveni pamoja na unga unaipunguza nguvu ile protini, alafu mnapanda taratibu. Wangu sasa hivi keki anakula vizuri, mtindi bado.