Jibu: Kukwea miti kwa kamba, nianzie wapi Pemba?

Sheikh, umeuliza kama unaweza kuanza kukwea kwa kamba, kwa raha tu, kwenye mikarafuu ya babu yako hapo Wete. Mkarafuu uwache. Matawi yake hukatika bila kukupa habari, waulize wachumaji. Tafuta mwembe mkubwa ulio hai, wenye tawi la unene wa sentimita 15 au zaidi, na uukague kwanza kutoka chini: matawi makavu, nyuki, waya za umeme.

Wengi watakwambia kamba yoyote inafaa. Ile ya plastiki ya wavuvi usiikwelee kabisa, kwani fundo hapa hufanya kazi kwa msuguano, na plastiki ile huyeyuka kwa joto. Nunua kamba ya wakata miti, milimita 12 hivi, urefu wake uzidi mara mbili ya kimo cha tawi. Unarusha kwanza uzi wenye kifuko kizito juu ya tawi, kisha unauvuta upitishe kamba; ncha moja unaifunga kwenye mkanda wa kiuno na mapaja, na mkia wake unaufunga fundo la Blake, fundo la msuguano, kwenye upande wa pili wa kamba unaoshuka kutoka tawini. Ukilikalia linakaza, ukilisukuma linapanda. Helmeti pia, hilo halina mjadala.

Wakwezi wetu wa minazi ni hodari, ila kitanzi cha miguuni ni ufundi mwingine, ukiteleza hakikudaki. Mafunzo ya kukwea kwa kamba kwa raha yalianzia Atlanta, Marekani, kwa Peter Jenkins mwaka 1983. Wewe tafuta mtu anayefanya kazi kwa kamba akusimamie, na lirudie fundo ukining'inia nusu mita tu kutoka chini. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, usikwee humo bila ruhusa.