Jozi nne Lamu: laleni Shela

Dada, umeuliza nyinyi jozi nne mlale wapi Lamu siku 5 bila kukimbizana. Mimi ningechukua nyumba nzima kijijini Shela, nje kidogo ya mji wa Lamu, yenye baraza la makuti juu na mpishi wa hapo hapo; mkigawana gharama haiumi. Mjini mtafika kwa boti, au kwa miguu kando ya maji, kama dakika 40.

Siku moja tu kodini mashua mwende magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda. Lakini muulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi, kwani mkondo wa mikokoni hupitika maji yakijaa. Sisi tulichelewa kurudi, tukakanyaga tope viatu mkononi, na shemeji akanuna mpaka samaki wa kupaka alipotoka makaani.

Siku zilizobaki msipange kitu. Ila Aprili na Mei msije, ni mvua.